Kuonja Si Kunywa

Siku yangu ya kwanza kazini niliaibika kabla sijafunga vifungo vyote vya gauni. Nilikuwa nimepangiwa wodi ya wanawake katika hospitali moja mjini Kasulu. Nikaingia, nikasikia harufu kali, nikamwambia muuguzi wa zamu kwa sauti ya mtu aliyetoka chuoni jana, "Naona leo vifaa vimesafishwa kwa spiriti ya kutosha." Akaniangalia kwanza, halafu akanyoosha midomo kuelekea kitanda cha kona. Binti mmoja alikuwa amejikunja pale, magoti yamegusa kidevu, analia na chango, maumivu ya tumbo la hedhi. Mama yake alikuwa akimnywesha gongo tangu alfajiri, kwa imani kwamba gongo hufungua damu. Harufu ile ilikuwa inatoka kinywani mwa mtoto wa shule.

"Spiriti yako ndiyo hiyo," muuguzi akasema. "Karibu kazini."

Nawaandikia nyie mnaovaa gauni hilo leo, mlio na simu zenye kila kitu. Mnajua mengi kuliko tulivyojua sisi, sikatai. Lakini kuna jambo simu yenu haitawaambia. Mimi nililijua kwa kumtazama mwanamke mmoja akipoteza kile alichokitaka kuliko vyote duniani.

Nianze na nyumbani. Mimi ni Mha wa Titye, ila nimelelewa katika nyumba ya walokole. Kwetu pombe haikupikwa, haikuletwa, hata jirani akipita na mtungi kichwani baba alikuwa anafunga dirisha. Kwa hiyo mila za pombe, ambazo mtoto yeyote wa kijijini kwetu alikuwa anazijua kabla ya kujua kuhesabu, nilikuja kuzikuta ukubwani, nikiwa na sare na mshahara wa serikali.

Pale Kasulu mkubwa wangu alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mzee mrefu aliyependa kuuliza maswali akiwa amesimama mlangoni ili usipate pa kukimbilia. Asubuhi moja alinikamata na beseni mkononi.

"Sista Perpetua, mwanamke anapata hedhi kwa amri ya nani?"

"Ya mji wa mimba, daktari."

"Weka beseni chini. Ni amri ya kichwa."

Akanieleza, na maelezo yale ndiyo niliyofanyia kazi hadi nimestaafu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayopeleka ujumbe kwenye mifuko ya mayai. Ujumbe huo unapita ndani ya damu, na wajumbe wenyewe ndio tunaowaita homoni. Wakifika, yai linapevuka. Homoni ya estrojeni inajenga ukuta wa mji wa mimba, kama mtu anayetandika kitanda akitarajia mgeni. Yai likishatoka, homoni nyingine, projesteroni, inautuliza ule ukuta usiendelee kunenepa ovyo. Mgeni asipokuja, yaani mimba isipotunga, kitanda kinakunjwa, damu inatoka, na mwezi mwingine unaanza.

"Sasa pombe," akasema. "Pombe inaingilia pale juu kwenye ujumbe. Yai linaweza kuchelewa, au lisitoke kabisa. Yai lisipotoka, ile projesteroni ya kutuliza haipatikani. Halafu lipo ini. Ini ndilo linalovunjavunja estrojeni iliyokwisha kufanya kazi. Likiwa linahangaika na pombe, estrojeni inabaki nyingi kwenye damu, ukuta unajengwa tu. Ukija kubomoka, mwanamke anamwaga damu mpaka anaona kizunguzungu. Miezi mingine haoni kitu. Halafu ndugu wa mume wanasema amerogwa."

"Kila anayekunywa yanampata, daktari?"

"Sikusema kila. Wapo wanaokunywa na wanazaa. Na zipo sababu nyingine tele: uvimbe, tezi ya shingo, njaa, mawazo, mume mwenyewe. Kwa hiyo usimhukumu mtu. Muulize tu, na umuulize vizuri."

Umuulize vizuri! Hilo nililichukua juu juu. Chuoni tulifundishwa swali moja, "Je, unakunywa pombe?" Mgonjwa akisema ndiyo unaandika ndiyo, akisema hapana unaandika hapana. Tuliona limetosha.

Baada ya Kasulu nikahamishiwa Kibondo, zahanati moja katika kata ya Busunzu. Nyumba za tofali za kuchoma, migomba hadi mlangoni, na ukungu wa asubuhi unaokufanya ujute kuzaliwa. Mkubwa wangu huko alikuwa Mganga Mfawidhi, yaani afisa tabibu anayeongoza kituo, mtu wa maneno machache aliyekuwa analima maharage nyuma ya zahanati na kuyasifia kuliko wauguzi wake. Tulikuwa wawili tu wa kuhudumia watu wote wale, basi tulizalisha, tulichanja, tulifagia.

Ndipo alipokuja Skolastika. Kila mtu alimwita Skola. Alikuwa mke wa Yohana, kijana fundi baiskeli, na alikuwa ameolewa kutoka ukoo wa mbali, upande wa Kitanga. Mrefu, mpole, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Nilipomvuta kope la chini la jicho kuangalia damu, nikakuta peupe kama karatasi.

"Hedhi yako ikoje?"

"Haina adabu, sista," akasema, akacheka kidogo kwa aibu. "Mara inakuja na haijapita hata nusu ya mwezi, inatoka mabonge, nalala juu ya magunia. Mara inapotea mpaka nadhani nina mimba. Nafurahi, nawaambia watu. Halafu inakuja."

"Unakunywa pombe?"

Alishtuka kama nimemtukana. "Mimi? Mtu wa kwaya? Sinywi, sista, sijawahi kunywa."

Niliamini, na sikukosea kuamini, maana hakuwa anadanganya. Nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikampima malaria, nikampa dawa ya minyoo, nikamwandikia rufaa aende Kibondo mjini apigwe picha ya tumbo. Akaenda, akarudi, hawakuona uvimbe. Nikamwambia amlete Yohana naye apimwe. Yohana akajibu kupitia kwake kwamba yeye si mgonjwa. Kila alipokuja alikuwa mweupe zaidi, na kila alipokuja alikuwa na neno jipya la kule nyumbani. Mama mkwe, Bibi Anastazia, alikuwa ameshatamka mbele ya wageni kwamba mti usiozaa hukatwa. Yohana alikuwa amepewa hadi mavuno ya maharage. Kama Skola hajashika mimba, ukoo utamtafutia mke mwingine.

"Sitaki kurudishwa kwetu, sista," aliniambia siku moja, amekishika kitasa cha mlango hataki kutoka. "Wala sitaki utajiri. Nataka mtoto mmoja aniite mama, basi."

Jumamosi moja nilitoka kumfuatilia mtoto aliyekosa chanjo, nikapitia kwa kina Skola kumpelekea vidonge. Nikakuta uwanja umejaa wanaume kwenye mabenchi, na Bibi Anastazia akichota pombe ya ndizi kwenye mtungi. Kibuyu kikijaa, alimpa Skola kwanza. Skola alipiga magoti mbele ya mteja, akanywa funda kubwa, akalimeza, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akakabidhi. Kibuyu kingine, vilevile. Na wanaume walikuwa hawamwangalii usoni. Walikuwa wanaangalia koo lake, kama limeshuka au halikushuka.

Nilisimama pale, vidonge mkononi, natazama koo la mtu wa kwaya likipanda na kushuka.

"Skola! Wewe si uliniambia hunywi?"

Akageuka, uso mweupe bila hatia hata chembe. "Sinywi, sista. Ninaonja."

Benchi zima likacheka. Mzee Rukasi, mteja wa kila siku aliyekuwa na tumbo limejaa maji, akanyanyua fimbo. "Nesi wa walokole huyu! Hata hilo hujui? Mkamwana anaonja, sisi tunakunywa. Anayeonja hanywi!"

Nilimvuta Bibi Anastazia pembeni nikamwuliza kwa nini asionje yeye mwenye pombe. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu asiye na kwao.

"Mwanangu, mimi nani ataniogopa? Nimezaliwa hapa, nitazikwa hapa. Anayeogopwa kwa sumu ni mgeni. Mke katoka ukoo mwingine, anaingia jikoni kwetu, anashika vyungu vyetu. Akionja yeye, watu wanakunywa kwa amani. Hata mimi nilionja kwa mama mkwe wangu."

Basi nikaanza kuuliza nyumba hadi nyumba, na nikakuta hivyo hivyo. Skola alikuwa anaonja kila kibuyu siku za pombe, na asubuhi za gongo alikuwa anaonja kila chupa inayojazwa kutoka kwenye mrija kujua ukali wake. Ukijumlisha mafunda, alikuwa anakunywa kuliko baadhi ya wale wa kwenye benchi. Lakini kwa kuwa hakuwa na kibuyu chake, hakukaa kwenye benchi, hakuimba wala hakuyumba, hakuna aliyeyaita mafunda yale pombe, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Ukimwuliza "unakunywa," ni kama unamwuliza mpishi kama ameshiba kwa kuonja chumvi.

Nilimketisha Skola, nikamweleza yote ya yule daktari: ujumbe, yai, kitanda, ini. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyeliua tumbo langu?"

"Hujaua kitu. Wala siwezi kukuapia kwamba ni pombe peke yake. Ila acha, tuone."

"Nitaachaje? Watasema nini?"

"Sema nesi amekupa dawa isiyopatana na pombe. Mwambie mama mkwe, akitaka kubishana aje kwangu."

Alikuja kweli, Bibi Anastazia, akanifokea mbele ya foleni. Nikamfokea na mimi. Mwisho akakubali kuonja mwenyewe, huku akinung'unika kwamba wauguzi wa siku hizi wanaharibu nyumba za watu.

Sikilizeni niwaambie, nyie vijana, kuna furaha katika kazi hii ambayo hakuna mshahara unaoilipa. Mwezi wa kwanza hakukuwa na tofauti. Baadaye damu ilipungua wingi, chango likawa la kuvumilika, ndani ya kope pakaanza kuwa pekundu. Hedhi ikaanza kushika njia, ikawa inakuja inapotarajiwa kama mgeni mstaarabu. Halafu mwezi mmoja haikuja. Skola hakumwambia mtu safari hii. Alikuja kwangu kwanza, tukapima, tukakaa kwenye kitanda cha zahanati tukakitazama kile kipimo wote wawili tumeshikana mikono. Tuliruka! Mganga Mfawidhi alichungulia akidhani kuna nyoka.

"Mavuno yatakukuta salama," nikamwambia.

Mavuno hayakuwa yamefika Mzee Rukasi alipofariki.

Mimi nilijua ugonjwa wake. Ini lilikuwa limekufa siku nyingi, tumbo lile la maji tulikuwa tumelipeleka rufaa mara kadhaa, naye alikuwa anatoroka wodini kurudi kwenye mtungi. Lakini alikuwa amekunywa kwa Bibi Anastazia jana yake. Na mtu mmoja msibani akauliza, si kwa ubaya labda, "Hivi siku hizi pale anaonja nani?" Lilikuwa swali tu. Jioni ile ile lilikuwa limekuwa neno, na asubuhi lilikuwa kesi: mkamwana ameacha kuonja, na mzee amekufa. Wakajumlisha.

Jirani mmoja alinijia mbio. Nikapanda bodaboda bila kuvua hata aproni, na njia nzima nilikuwa napanga maneno: ini, maji tumboni, kadi zake za rufaa. Nilifika uwanja umejaa. Skola alikuwa amepiga magoti katikati, kibuyu kitupu mikononi, anafuta mdomo kwa kiganja kama alivyozoea. Yohana alikuwa amesimama nyuma yake anatazama miguu yake mwenyewe. Wazee walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, wameridhika. Mgeni alikuwa amekunywa, amemeza, na hakuanguka.

"Skola, umefanya nini?"

"Nimekinywa chote, sista. Wamesema nikikataa ndiyo ushahidi. Ningefanyaje?"

"Ungewaambia una mimba!"

"Nimewaambia. Wamesema hata mchawi hushika mimba."

Baada ya muda mfupi akaanza kutoka damu. Nilikuwa naye mimi, kwenye kitanda kile kile tulichokuwa tumeshikania mikono. Mimba ilitoka yote.

Sitawadanganya. Mimba nyingi changa hutoka zenyewe, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kunusa pombe. Tunajua kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachosemwa ni salama kwa mjamzito, lakini kusema kibuyu kile ndicho kilichoitoa, hiyo ningekuwa naandika chuki yangu na kuiita udaktari. Skola aliniuliza, nami nilimjibu hivyo hivyo. Nadhani hakuniamini. Mimi mwenyewe kuna siku sijiamini.

Mganga Mfawidhi alinikuta nimekaa nyuma kwenye maharage yake, nalia kama mtoto. Alikaa pembeni yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

"Ulimtibu yeye peke yake, Perpetua," akasema. "Wale wa kwenye benchi hukuwatibu."

"Wangenisikiliza?"

"Sijui. Labda wasingekusikiliza." Akang'oa gugu. "Lakini waliobaki na mtungi ni wao."

Mavuno yalifika. Yohana akaletewa mke wa pili, Jeni, msichana wa Kirundi ambaye wazazi wake walishapata uraia zamani na walikuwa wanalima kijiji cha pili. Skola hakurudishwa. Alibaki kama mke mkubwa, yaani alibaki na jina. Nami nikahamishwa kurudi wilaya ya Kasulu, huko Kitanga, upande wa kwao Skola, nikamalizia utumishi wangu huko.

Kitanga ndiko nilikoitumia ile elimu chungu. Mkubwa wangu, Muuguzi Mfawidhi, dada niliyemzidi umri kwa mbali, alikuwa ananicheka kwa maswali yangu. "Sista Perpetua, unapima presha au unafanya upelelezi?" Nilikuwa namwuliza kila mwanamke mwenye hedhi iliyovurugika: kwenu nani anaonja? Nani anajaribu ukali wa gongo? Ukijifungua wanakupa nini cha kuleta maziwa? Maana na hiyo ipo, mzazi anapewa pombe ya uvuguvugu ati maziwa yajae, wakati pombe inaizuia homoni inayoyasukuma yatoke. Wengi walijibu bila kusita, kwa kuwa sikuwa nimewauliza kama wanakunywa. Wengine walisaidika. Na sikumwambia hata mmoja aache kuonja kabla sijakaa na mama mkwe, mume, na wale wa mabenchini. Kuna mahali walikubali mwenye pombe aonje. Kuna mahali walinifukuza na mifagio.

Sasa nimestaafu. Niliagwa kwa keki na kanga, na hotuba zilizosema mengi ambayo sikuyafanya. Asubuhi bado naamka saa ya zamu, nakaa kitandani sijui niende wapi. Mwaka jana nikasema, niende Busunzu nikamsalimie Skola.

Bibi Anastazia alikuwa ameshazikwa, hapo hapo kama alivyosema. Uwanja ni ule ule, mabenchi mapya, na wanaume ni watoto wa wale niliowajua. Jeni alikuwa amekaa kivulini anamenya ndizi, mimba imemfika kifuani, watoto wake wengine wanakimbizana. Alionekana ana afya, mashavu yamejaa. Skola ndiye aliyekuwa kwenye mtungi. Alikuwa amekonda, macho yana umanjano, viganja vyekundu isivyo kawaida. Alinikumbatia, na ile harufu ya siku yangu ya kwanza kazini ikanijia usoni.

"Hedhi yako ikoje?" nikauliza. Mazoea hayaachi.

"Ilikwisha mapema, sista. Kabla hata ya mama yangu haijakatika."

 Akaendelea mwenyewe.

"Niulize na lile swali lako lingine."

"Unakunywa pombe, Skola?"

"Nakunywa," akasema, bila aibu. "Huyu Jeni alipoingia hapa walimpa kibuyu aonje, mgeni ni yeye sasa. Nikakichukua mkononi mwake. Nikawaambia, mimi mnanijua, mimi nilishakinywa chote mbele yenu nikabaki hai, basi nitakunywa mimi. Wakakubali." Akamtazama Jeni, halafu wale watoto. "Hajaonja hata funda moja tangu aolewe. Hata moja, sista."

Mdogo wao alikuja akamng'ang'ania gauni, akamwita mama mkubwa, anataka ndizi. Skola akampa. Kisha mteja akaita kwenye benchi, naye akachota kibuyu, akapiga magoti, akanywa, na wote wakamwangalia koo.